Uliza Dokta wa Wanyama: Chapati kakataa panya tangu Machi, anaumwa au anatafuta jike?

Ikifika Aprili na Mei meseji zenu kuhusu nyoka wa mahindi (corn snake, yule asiye na sumu anayefugwa nyumbani) zinaingia kwa fujo, na karibu zote zinaimba wimbo mmoja, mnyama alikuwa mpole na mlafi alafu ghafla kabadilika. Wengi mko Marekani na Uingereza ambako sehemu nyingi huyu nyoka anauzwa dukani bila shida. Leo nimechagua nne, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana najua wengi mtajikuta humo humo.

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Raleigh, North Carolina, tuna nyoka wa mahindi dume, ana miaka minne, watoto wamempa jina Chapati. Tangu katikati ya Machi hataki kula kabisa, panya tunamtoa friza tunamyeyusha vizuri anakuwa wa moto kabisa lakini ye anamnusa tu anapita zake. Usiku hatulii, anazunguka tangi zima, anapanda kioo, anasukuma mfuniko na pua mpaka pua imeanza kuwa nyekundu. Juzi kijana wangu kamshika akamwachia uchafu wenye harufu, tumefua lile shati mara mbili. Mke wangu anasema arudishwe dukani, jamaa mmoja kazini anasema nimtafutie jike atatulia. Nifanyeje? – Baba Chapati

JIBU: Marahaba Baba Chapati. Dume wa miaka minne, mwezi wa tatu, hali, halali, anasukuma mfuniko, hapo cha kwanza kukifikiria ni msimu wa kupandana. Na nyie mko North Carolina bwana, huko ndiko kwao kabisa, hawa nyoka wa mwituni wanapatikana kuanzia New Jersey mpaka chini Florida. Winta wanajificha kwenye mashimo na chini ya mizizi, joto likirudi mwezi wa tatu, wa nne, wanatoka, na dume akishatoka shughuli kubwa inayomtoa nje ni kutafuta jike. Anafuata harufu kwa ulimi, ule ulimi unaouona unatoka na kuingia unabeba chembe za harufu unazipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kaakaa, na jike akishajivua gamba lile la kwanza baada ya winta ngozi yake inatoa harufu ambayo dume akiipata basi, habari za panya zimeisha. Kama umewahi kufuga mbuzi unajua beberu anavyokuwa, majani yapo mbele yake na yeye hana habari nayo.

Sasa utaniambia lakini Chapati hajawahi kulala baridi, sebule ina hita mwaka mzima. Ni kweli, ila dirisha mnalo, siku zinarefuka na mwili wake unajua, na hata joto la nyumba linabadilika kidogo bila nyie kuhisi. Wapo madume wasioonyesha chochote mwaka mzima na wapo wanaogoma kula wiki kadhaa, wengine miezi miwili na zaidi, alafu Juni au Julai anaamka siku moja anamvamia panya utadhani hakuna kilichotokea.

Ila sikwambii ukae tu useme ni mapenzi. Hiyo ndo shida ya hili jambo, nyoka anayetaka jike na nyoka anayeumwa wote wanakataa chakula, na macho yako hayatakwambia tofauti mapema, mizani ndo itakwambia. Nunua mizani ya jikoni ile ya gramu, weka kibakuli cha plastiki chenye mfuniko, rudisha namba kwenye sifuri, muingize Chapati, andika. Fanya hivo kila wiki siku ile ile. Dume mwenye afya anaweza kugoma wiki nyingi na akapungua kidogo sana maana nyoka hachomi chakula haraka kama sisi, ingawa huyu anayezunguka usiku kucha atapungua zaidi ya yule aliyelala. Tuseme alianza na gramu 500, akiwa na 485 wala usihangaike, akikaribia 450, yaani asilimia kumi imeondoka, mpeleke kwa daktari anayejua reptilia (uliza kabla hujaenda, sio kila daktari wa mbwa na paka anawajua hawa), na usisubiri Juni. Na usisubiri hata hiyo asilimia kumi kama unaona anapumua mdomo wazi, ana mapovu au ute mzito mdomoni, anatoa sauti ya kukoroma, anatapika panya aliyemmeza, au uti wa mgongo umechomoza juu kama paa la nyumba na ngozi imejikunja pembeni. Hayo hayana msimu. Pia kalenda ni shahidi mzuri, dume anayegoma Aprili ni kawaida, anayegoma Septemba kwenye tangi lenye ubaridi ni jambo jingine.

Kwahiyo kabla ya yote pima joto. Upande wa moto uwe nyuzi 30 hivi, kwenu huko mnasema 86, upande wa baridi uwe kwenye 23 au 24, na mkeka wa joto au taa viwe na thermostati, kile kifaa cha kudhibiti joto, sio kukisia kwa kiganja. Nimeona watu wanalaumu msimu kumbe mkeka umekufa tangu Februari. Angalia na macho yake pia, yakiwa na ukungu wa bluu basi anakaribia kujivua gamba na hapo hali chakula mwezi wowote ule.

Pua ndo inanipa wasiwasi kuliko njaa. Wekundu ukiwa kidogo utapona wenyewe akijivua gamba, lakini dume akiwa kwenye msimu wa kupandana hana akili ya kuacha, atasugua mpaka magamba ya mbele yatoke na kidonda kipate vijidudu, na kikifika mdomoni ni matibabu marefu. Ziba pande tatu za kioo kwa karatasi kutokea nje asione chumba, ongeza vitu vya kujificha na matawi ya kupanda ili usiku awe na shughuli nyingine, na kama mfuniko ni wavu wa chuma weka kitu laini kwa ndani pale anaposukuma. Alafu weka klipu kwenye mfuniko, zile za chuma, sio kitabu juu yake. Nyoka wa mahindi anapenya kwenye upenyo usioudhani, kichwa kikipita mwili unafuata, na msimu huu ndo mnapoteana. Akitoroka anza nyuma ya friji na chini ya mashine ya kufua, kwenye joto.

Chakula mpe mara moja kila wiki mbili, panya mdogo kuliko aliyezoea, jioni, muache naye peke yake kwa saa kadhaa kisha umtoe umtupe, usimrudishe friza. Usimlazimishe kumeza, tafadhali, mnaua wanyama hivo. Maji masafi kila siku.

Ule uchafu wa kijana ni kinga yake, anatoa majimaji yanayonuka kwenye tezi karibu na mkia akijisikia kubanwa. Msimu huu ana mhemko, mguseni kwa kifupi au muacheni kabisa wiki mbili tatu, hatawasahau. Watoto wanawe mikono na sabuni kila wakimgusa, si kwa ajili ya harufu tu, reptilia wanabeba vijidudu vya salmonela. Na ukiona kwenye tangi kitu kikavu cheupe-njano kama kipande cha uzi mzito, mara nyingi kimeshikamana na gamba alilovua, ni mbegu zimekauka, wala usipige simu ya dharura.

Sasa huyo jamaa wa kazini. Hapana. Dume hapati ugonjwa kwa kukosa jike, msimu unapita na homoni zinashuka zenyewe. Ukimleta jike Chapati hatatulia, atachanganyikiwa zaidi maana sasa harufu iko ndani ya nyumba, halafu mwezi mmoja au mwezi na nusu baadaye una mayai kumi na kitu, pengine 20, na kila kinyoka kinachotoka kinataka boksi lake na vipanya vyake vichanga vya pinki, na ukitafuta wa kuwachukua utakuta kila mtu tayari ana wake. Shemeji naye mwambie asiwe na haraka ya duka, ampe mpaka Julai.

SWALI: Dokta, naandika nikiwa Manchester. Nina nyoka wa mahindi wa kike, miaka sita, niko naye tangu akiwa mdogo sana na hajawahi kukutana na dume hata siku moja. Machi alikuwa anakula kama amelogwa, Aprili akaacha, sehemu ya chini ya mwili ikajaa, akajivua gamba, akaanza kuchimba chimba kila kona anapindua hadi bakuli la maji. Jana asubuhi nakuta mayai saba ya njano! Leo bado anaonekana kama ana uvimbe mbili ndani. Inawezekanaje na nifanye nini? – Mama wa Paka Wawili na Nyoka

JIBU: Dada yangu, naanza na hizo uvimbe mbili, mengine utayasoma baadaye. Kama zimekaa zaidi ya siku mbili tangu atoe yai la mwisho, au amelegea, au anasukuma na hakuna kinachotoka, mpigie leo daktari wa reptilia na umwambie wazi kwamba mayai yamekwama. Hili linaua majike. Atapigwa eksrei, na kulingana na yai lilipo daktari anaweza kulipunguza kwa sindano au akafanya upasuaji. Usijaribu kulisukuma kwa vidole hata kama umeona mtu anafanya hivo kwenye video, yai likipasukia ndani au njia ikichanika umempoteza. Wakati unasubiri miadi muweke penye joto sahihi na umpe boksi la kutagia, maana wengine wanazuia mayai kwa sababu tu hawajaona pa kuyaweka.

Boksi lenyewe ni kontena la plastiki la kumtosha akijikunja, toboa mlango kwenye mfuniko, jaza spagnamu, yale majani makavu ya kinamasi wanayouza kwenye maduka ya bustani, yaloweshe alafu yakamue mpaka yasichuruzike. Kule kuchimba na kupindua bakuli alikuwa anatafuta hilo. Mwakani liweke mapema, ukishaona amejivua gamba huku amejaa hesabu siku kumi hivi, wengi wanataga hapo hapo kati ya siku nane na kumi na nne.

Jinsi inavyowezekana sasa. Ni kama kuku wa mayai ya dukani, jogoo hahitajiki ili yai litoke. Jike aliyekomaa na anayekula vizuri mwanzo wa mwaka mwili unaamua akiba ipo na unatengeneza mayai, dume awepo asiwepo. Yakiwa ya njano, madogo, magumu magumu kama nta, hayana kitu. Lenye uhai linakuwa jeupe, nje kama ngozi, na mengi yanagandana pamoja. Kama una wasiwasi ingia chumba cha giza, washa tochi ya simu, liweke juu yake bila kuligeuza, la uhai utaona mishipa myekundu, hili utaona njano tupu. Kwako wewe uliyemlea tangu mdogo nategemea njano tupu. Ila wale mliowanunua wakiwa wakubwa msitupe kwa haraka, jike anaweza kutunza mbegu za dume mwilini muda mrefu, kwahiyo ule msemo wa "hajakutana na dume kwangu" hautoshi.

Akimaliza kutaga ondoa mayai, osha tangi lote na mpitishe naye kwenye maji ya vuguvugu, kwa sababu harufu ya mayai inamfanya aendelee kuzunguka hapo na asile. Kwa asili nyoka hawa wakishataga wanaondoka, hawaatamii, kwahiyo usijione katili. Mpe panya wadogo, mara nyingi kuliko kawaida, mpaka uzito urudi, anaweza hata kutaga mara ya pili msimu huo huo. Na mwakani Februari na Machi usimfuate kila anapoomba, najua anaomba kwa macho yale, ila mlisho wa wastani unapunguza mayai, na jike mnene ndo anayekwama zaidi.

SWALI: Niaje dokta, msee wa Louisville, Kentucky hapa. Nina wawili kwa tangi moja, nilinunua wote kama majike wakiwa wadogo, sasa wana miaka miwili. Wiki hii mmoja anamfuata mwenzake kila mahali, anamlalia mgongoni anasugua kidevu na mwili unaruka ruka kama ameshikwa na stima. Wanapigana ama? – Kijana wa Louisville

JIBU: Hawapigani mdogo wangu, hiyo ni posa. Dume anapita juu ya mgongo wa jike na kidevu, anatetemeka kwa vipande vipande, alafu anajaribu kuupitisha mkia wake chini ya mkia wa jike, na wakiunganika wanaweza kukaa hivo kuanzia dakika kumi na kitu hadi masaa. Muuzaji alikisia. Angalia mikia, kuanzia pale penye tundu la chini, wa dume unaendelea mnene kidogo kabla ya kuchongoka na ni mrefu zaidi, wa jike unachongoka mara moja. Kupata uhakika daktari anaingiza kijiti maalum, wewe usijaribu nyumbani.

Watenganishe usiku huu, sio wikendi. Wafugaji wa Marekani wana kanuni yao ya tatu tatu, jike asipandwe kabla ya miaka mitatu, futi tatu na gramu 300, na mimi hata hapo naona bora kusubiri zaidi. Jike wa miaka miwili anaacha kukua ili atengeneze mayai, na hao wadogo ndo wanaokwama. Kama tayari walishaungana mpime kila wiki, mpe kalsiamu kidogo juu ya panya, na andaa boksi la kutagia kama nilivyomwelekeza dada wa Manchester. Ukipata mayai ya uhai na hutaki vinyoka, yaweke friza siku hiyo hiyo ya kwanza, ndivyo wengi wanavyofanya na hakuna ubaya wowote. Na hata kama wangekuwa majike wote, nyoka hawa ni wa kukaa peke yao, tangi moja nyoka mmoja. Wakishatengana ukimshika jike nawa kabla hujamgusa dume, la sivyo atakuzingira mkono akidhani ni yeye.

SWALI: Jambo sana dokta. Tunakaa Clarkston, Georgia. Jana bibi yangu amekuta nyoka kwa gereji, rangi ya machungwa na mabaka mekundu, akapiga kelele jirani zote wakatoka. Mmoja akasema ni wa sumu tumuue, mwingine akasema huyo anafugwa, tumweke ndani. Tumemfunika na ndoo. Ni nani ana haki? – Baba wa Clarkston

JIBU: Hakuna mwenye haki kati yao baba, ila wa kumuua yuko mbali zaidi. Huyo anafanana na nyoka wa mahindi, na Mei madume wanatembea mbali wakitafuta majike na gereji iko njiani tu, tena kama kuna panya ndani anapumzika. Mwenye sumu wanayemchanganya naye huko ni kopahedi (copperhead). Kopahedi mabaka yake ni mapana ubavuni na membamba katikati ya mgongo, na mboni za macho zimesimama wima kama za paka. Wa mahindi mabaka yamekaa juu ya mgongo yamezungushiwa weusi, mboni ni za duara, na tumboni ana miraba myeusi na myeupe. Tazama kwa mbali, piga picha ukaikuze kwenye simu, usimgeuze ili uone tumbo, na kama huna uhakika usimguse kabisa, piga simu idara ya maliasili ya jimbo, Georgia Department of Natural Resources.

Kumfuga ndo usithubutu. Kwenye jimbo la Georgia nyoka wa asili wasio na sumu wanalindwa na sheria, hawauawi wala hawafugwi bila kibali, na huyu wa mahindi yumo, hata yule wa kununua dukani jimbo jingine. Ukivuka mpaka ukaingia baadhi ya majimbo mengine ni halali, najua inashangaza. Kama umehakikisha ni yeye, ndoo iondoe jioni kukipoa, mlango wa gereji uwe wazi, bibi awe ndani, na usimame mbali. Ataondoka mwenyewe, na asipoondoka angalia kwenye maboksi ya nyuma, pengine ameshapata panya.